Kikombe Kitupu cha Mashine ya Vumbi

Shida ilinianza mwaka wa 1978, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Baba alianguka kutoka juu ya mchikichi akikata mikungu, akalala mkekani miezi mitatu, halafu tukamzika. Nilikuwa darasa la tatu. Nilitoka darasani wiki ile ile na sikurudi. Kiswahili nasoma polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kifaransa sikijui, na sijafa kwa kutokukijua.

Mama alinituma kuokota chupa. Wakati ule hapa Rumonge mawese yaliuzwa kwa chupa ya bia, ndiyo iliyokuwa kipimo, na wamama wa sokoni walitaka chupa kila siku. Nilizipata nyuma ya mabaa na mitaroni, nyingine zina mende ndani. Nazipeleka ziwani, natia mchanga na kokoto ndogo, natia maji, natikisa mpaka mkono unakufa ganzi. Halafu mnunuzi anainua chupa juani, anafinya jicho: "Hii ina vumbi." Chupa haina kitu! Anasema vumbi ili apunguze bei. Nikajifunza kwamba mtu akikuambia chupa yako ina vumbi, kwanza mtazame yeye machoni, kisha ndipo uitazame chupa.

Hiyo ndiyo shule niliyomaliza. Mengine nimefanya kwa mgongo. Nimebeba mikungu ya watu, nimepika mawese kwenye mapipa, moshi umeniingia machoni mpaka leo hayajarudi meupe. Sikuachiwa shamba na sikupewa mtaji. Depo yangu, ghala la mawese kando ya barabara ya kwenda Nyanza-Lac, niliijenga mwenyewe, na aliyepita siku zile aliniona nikikanda udongo. Nasema hivi kwa sababu wako wanaosema nilibahatika.

Miaka ya karibuni nikaanza kutia mawese yangu katika chupa za plastiki za lita moja, zenye kifuniko na etiketi yenye picha ya mchikichi. Mwenye duka kubwa mmoja wa Bujumbura, mwanamke asiyecheka ovyo, akakubali kuchukua katoni arobaini kila Alhamisi. Hakuna mteja mwingine aliyekuwa akichukua hata nusu ya hizo. Kwa ajili yake nilijenga chumba kipya, nikaweka meza ndefu, nikaajiri wamama sita wa kufuta chupa, kujaza na kubandika.

Mkubwa wa kazi kati ya wale wamama alikuwa shemeji yangu, mjane wa kaka yangu. Anakaa Magara, anakuja na gari la kwanza la asubuhi. Mikono yake ni myepesi na mdomo wake ni mwepesi zaidi. Nilimpa kazi kwa sababu ni mtu wa nyumbani. Nilimchunga kwa sababu hiyo hiyo. Mtu wa nje akikuibia anaogopa polisi, wa nyumbani anakuambia tutaongea.

Tatizo lilikuwa vumbi. Lami yetu ni nyembamba, magari yanashuka pembeni kuchukua watu, na vumbi jekundu linaingia depo kama mgeni asiyebisha hodi. Wamama walikuwa wakifuta chupa kwa vitambaa, na kadiri wanavyofuta ndivyo vumbi linavyorudi. Shemeji ndiye aliyeona kwanza.

"Shemeji, hii plastiki iko na uchawi," akaniambia. "Ukiisugua, inaita vumbi. Ukiiacha, inanyamaza."

"Mvivu hakosi neno," nikamjibu.

Halafu Alhamisi moja katoni kumi na mbili zikarudishwa. Mwenye duka alinipigia simu mwenyewe. "Mzee, mawese yako ni mazuri, lakini chupa zako ni chafu. Mteja anashika, anajifuta mkono kwenye nguo yake, anachukua ya mtu mwingine. Zikija hivi tena sitarudisha katoni. Nitaacha."

Nilifikiria yule mnunuzi wa zamani anayefinya jicho. Nikapanda gari mpaka Bujumbura kumtazama machoni. Alinipa chupa yangu mwenyewe na kitambaa cheupe. Nilipofuta, kitambaa kikawa na rangi ya tofali. Nikakikunja, nikamrudishia. Nikarudi.

Hapo ndipo ilipoingia mashine. Niliulizia mjini, nikaelekezwa kwa fundi kijana wa Bujumbura, shati limenyooka, kucha safi, naye akaileta. Fundi mwenye kucha safi, mimi namuuliza mara mbili. Alisema plastiki ikisuguliwa na kitambaa kikavu inashika umeme mdogo, na umeme huo ndio unaovuta vumbi.

Wamama walikuwa wamesimama wakisikiliza. Shemeji akasema, "Kumbe! Basi tuchomeke redio kwenye chupa, tusikie habari." Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini.

"Cheka, mama," fundi akamwambia, "lakini wewe uliniambia juzi, nilipokuja kupima chumba, kwamba ukisugua inaita vumbi. Ni hicho hicho."

Kwa hiyo walikuwa wamekwisha kuongea, tena juzi, bila mimi. Nililiweka hilo moyoni.

Mashine yenyewe si kubwa, inalingana na kabati la nguo lililolazwa. Mkanda unaingiza chupa upande mmoja, mkono wa chuma unazisukuma, na zinatoka upande wa pili. Ndani, kwanza, kuna fimbo ya chuma yenye sindano ndogo ndogo, hiyo inaua ule umeme mdogo. Halafu brashi mbili laini zinazunguka, moja kulia na moja kushoto. Halafu mabomba membamba yanapuliza hewa, na bomba nene linafyonza vumbi mpaka kwenye mfuko wa kitambaa. Hewa inatoka kwa kompresa, mashine ya kushindilia hewa, iliyowekwa nje ukutani. Mwalimu wa madrasa alisoma Fatiha, nikachinja jogoo, tukala. Chupa ya kwanza ilipotoka niliishika, nikaifuta kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kilibaki cheupe. Nilifurahi, lakini sikuonyesha.

Kabla ya kuondoka fundi alinionyesha vikombe viwili vya kioo vilivyofungwa kwenye bomba la hewa. "Hiki cha kulia kina mafuta, ni ya ule mkono unaosukuma chupa. Nimeleta mafuta yake kwenye kibido hiki. Hiki cha kushoto, mzee, usitie kitu. Kinakaa kitupu. Hewa iko na maji, maji yanaangukia humu, unafungua hapa chini, unamwaga. Kitupu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa," nikasema.

Nilimwelewa sana. Mimi nimetunza mashine ya kukamua miaka ishirini, najua chuma kisichopata mafuta kinavyolia na kinavyokufa. Sasa mtu ananiuzia mashine, ananiambia kikombe kimoja nikipe mafuta na pacha wake nikinyime. Kwa nini? Nikakaa nikafikiri, nikapata jibu: ili kile kisichopata kiharibike, nimwite, aje ale. Hao wa mjini wanakuuzia ng'ombe na ugonjwa wake. Na mimi, niseme ukweli, chombo kitupu sikipendi. Katika nyumba tuliyolelewa, kikombe kitupu kilikuwa habari mbaya ya siku nzima.

Wiki ya kwanza niliacha. Wiki ya pili kile kikombe kikaanza kuzomea, sss, sss, kama mtu anayedharau. Asubuhi moja nikafika kabla ya wamama. Nikachukua mawese yangu mazuri, ya mkamuo wa kwanza, nikayapasha moto kwenye imbabura, jiko letu la makaa, mpaka yakawa mepesi kama maji, nikajaza kile kikombe cha kushoto. Hapa kwetu mawese ni dawa ya kila kitu. Tunapaka mnyororo wa baiskeli, bawaba ya mlango, kifua cha mtoto mwenye kikohozi. Kuzomea kukapungua. Nikajisemea, ulikuwa na kiu tu, masikini. Kuanzia siku hiyo, kila asubuhi, kabla hawajafika, nilikuwa natia. Sikumwambia mtu. Kazi ya mwenye mali si ya kutangaza.

Siku tatu baadaye, gari la Alhamisi likiwa limekwisha kwenda, etiketi zikaanza kuteleza. Mama anabandika, akigeuza mgongo etiketi imeshuka mpaka kiunoni mwa chupa. Kesho yake vumbi likarudi, na lilikuwa baya kuliko la zamani. Lile la zamani lilikuwa likipukutika, hili limenata kama unga kwenye kidole chenye asali.

Shemeji alinifuata na chupa mkononi. "Shemeji, iko kitu. Hizi chupa zinateleza. Shika mwenyewe."

"Nawe umezishika na mikono ya nini?"

"Mikono aliyonipa Mungu. Nimenawa. Harufu hii si ya sabuni, nusa."

"Sinusi chupa."

"Basi ita fundi."

Aliposema fundi, mambo yote yakajipanga kichwani mwangu. Waliongea juzi ile. Mashine imechukua kazi ya kufuta, na wanne kati ya wamama sita nilikuwa nimewaambia nitawapeleka kwenye kubeba katoni. Nani anafaidika mashine ikishindwa? Wamama wanarudi kwenye vitambaa vyao, fundi anaitwa kutengeneza. Niliona wazi kabisa: mtu anapaka chupa mafuta. Na mwenye kupanga ni yule mwenye mdomo.

Nikatega. Jioni, wamama walipokwisha kuondoka, nilichukua jivu la jikoni nikalichekecha, nikalinyunyiza sakafuni kuzunguka mashine, jembamba, mtu asilione. Asubuhi nikafika mapema kama kawaida, nikatia mawese yangu, nikatoka, nikakaa kwenye kiti mlangoni kungoja. Wamama walipofika niliwazuia nje, nikaingia kutazama alama. Zilikuwepo, za kandambili zinazoenda mpaka kwenye mashine na kurudi. Niliinama nikazipima kwa shubiri. Zilikuwa zangu.

Mtu mwingine angeelewa hapo. Mimi nilisema: ni mjanja huyu, amevaa kandambili kama zangu.

Na lile jivu, mkanda ulipowashwa, upepo wa mabomba ukaliinua, likapanda kwenye chupa. Siku hiyo chupa zilitoka zina mvi.

Ilikuwa Jumamosi. Alhamisi ya katoni arobaini ilikuwa inakuja, na katoni zote arobaini zilikuwa zimesimama ukutani na uchafu wao. Damu ikanipanda. Nilisimama mbele ya wote sita nikamwambia shemeji: "Wewe ndiye unaniua. Unapaka mafuta chupa zangu ili mashine ionekane mbaya. Unakula kwangu na unanichimbia."

Yeye hakupiga kelele, na mimi nilikuwa nimejitayarisha kwa kelele. Alifungua kanga aliyojifunga kiunoni, akaikung'uta, jivu likaruka.

"Shemeji," akasema, "nimekufutia chupa miaka mitatu. Kama ningetaka kukuharibia, ningeharibu siku ya kwanza, nikarudi kwangu kuanika visamaki vya ndagala. Nisingengoja mashine." Halafu akawageukia wenzake. "Mumesikia amenipa jina gani. Mulikumbuke."

Akaondoka. Mmoja wa waliobaki, mwenye umri mkubwa, alinung'unika kwa Kirundi neno ambalo sitalirudia.

Jumapili na Jumatatu yeye hayupo. Na chupa bado zinateleza. Nikawatazama wale watano mikononi, nikawanusa kama mbwa, sikupata kitu. Jumatatu mchana nilimwita fundi, nikijiambia kwamba ndivyo alivyotaka, na akifika nitamkamatia hapo hapo.

Alifika Jumanne asubuhi na shati lake. Hakuuliza kitu. Alishika chupa moja, akaitelezesha vidoleni, akainusa. Akaenda moja kwa moja kwenye vikombe, akakifungua cha kushoto, akakiinua kwenye mwanga wa mlango. Kilikuwa chekundu kama machweo. Akatia kidole, akaonja.

"Mawese," akasema. "Nani ametia mawese humu?"

Wamama watano walisimama pale na vitambaa vyao. Shemeji alikuwa mbali, na jina baya alikuwa nalo tayari. Ningeliongeza hili juu yake na hakuna ambaye angejua. Wazo hilo lilinijia, sitaficha, likakaa muda wa kumeza mate.

"Mimi," nikasema.

Fundi alinitazama. "Mzee, si nilikuambia? Hapa hewa inapita. Ukitia mafuta, hewa inayabeba, inayapuliza kwenye kila chupa. Ulikuwa unapaka chupa mafuta kwa kompresa! Halafu vumbi likija linashika. Nilikuambia kikae kitupu."

"Uliniambia. Sikukuamini."

"Kwa nini?"

"Nilidhani unataka iharibike ili nikuite tena."

"Na umeniita tena," akasema. Mama mmoja akapasuka kucheka, wakafuata wote, na mimi nilisimama nikachekwa ndani ya chumba nilichokijenga kwa mikono yangu.

Fundi alisema kusafisha mabomba na kubadilisha brashi kutamchukua siku mbili. Zile katoni arobaini lazima zioshwe kwa mikono, chupa moja moja. Wamama watano hawatoshi, wakaniambia wenyewe, na hawataanza bila mkubwa wao. Hawakusema kwa ukali. Walikaa tu.

Nikaenda Magara. Nilimkuta shemeji ufukweni anageuza ndagala juani, kainama, hakunyanyuka.

"Amahoro, shemeji."

"Amahoro. Umekuja kunusa ndagala?"

"Nimekuja kusema. Ni mimi. Nilikuwa natia mawese kwenye kikombe cha mashine. Fundi ameona."

Aligeuza ndagala safu nzima kabla ya kujibu. "Mawese gani?"

"Ya mkamuo wa kwanza."

"Yale ya kwanza! Sisi unatupa ya mwisho kupikia maharage, mashine unaipa ya kwanza." Akacheka peke yake, kisha akaacha. "Sasa unaniambia hapa, mbele ya ndagala. Ni mbele ya ndagala uliponiita mwizi?"

"Sikusema mwizi."

"Ulisema nakuua. Mwizi ni afadhali. Utayasema pale pale, wote wakiwa wamesimama, nami nikiwa nimekaa kwenye kiti chako. Na kitu kingine. Ile mashine nitaichunga mimi. Chumba kifungwe, ufunguo nikae nao. Ukitaka kuingia, unaniita."

"Chumba changu?"

"Chumba chako. Alhamisi ni kesho kutwa, shemeji."

Nilitafuta ujanja ulioko ndani ya maneno yake. Niliutafuta njia nzima kurudi Rumonge, yeye amekaa kiti cha mbele na mfuko wake. Sikuupata, na hilo halikunipa raha.

Nikasema. Nilisimama, yeye amekaa kwenye kiti changu, nikasema mbele ya wamama watano na fundi kwamba nilimsingizia, na kwamba aliyeharibu ni mimi. Maneno yale yalikuwa machache, na nimewahi kubeba magunia yaliyokuwa mepesi zaidi. Fundi aliona haya kuliko mimi, akaangalia bisibisi yake.

Shemeji akainuka. "Haya, maji ya moto."

Walifanya kazi Jumanne hiyo na Jumatano yote. Maji ya moto na sabuni, kisha maji safi, kisha kitambaa chenye unyevu, si kikavu, alikataa kikavu kabisa. Mimi nilibeba maji. Katoni za mwisho zilibandikwa etiketi Alhamisi asubuhi, gari likiwa limekwisha kuwashwa. Nilikwenda nalo mwenyewe. Mwenye duka alitoa chupa moja katikati ya katoni ya chini, maana naye hamwamini mtu, akaifuta kwa kitambaa chake cheupe, akakitazama pande zote mbili.

"Wekeni," akawaambia watu wake. Kwangu akasema, "Na Alhamisi ijayo?"

"Na ijayo," nikasema.

Mpaka leo anachukua. Shemeji ndiye mwenye mashine na ufunguo wa chumba, kila asubuhi anamwaga maji ya kile kikombe na kukiacha kitupu. Mimi napita dirishani, naweka mkono kwenye kioo, natazama. Bado sielewi vizuri kwa nini hewa iwe na maji. Fundi amenieleza mara mbili. Ananieleza haraka mno.

Nilivyo navyo leo ni hivi. Nyumba ya vyumba sita, bati juu, saruji chini. Depo moja. Mashine ya kukamua mawese, na mota yake. Mashine ya kufuta vumbi, na kompresa. Michikichi mia mbili upande wa Muhuta, yangu kwa karatasi. Mapipa kumi na manne. Pikipiki moja, taa ya nyuma imevunjika. Mbuzi tisa. Wake sina wawili, ninaye mmoja. Watoto saba, wote wamesoma kunishinda. Ufunguo wa nyumba, ufunguo wa depo, ufunguo wa pikipiki. Redio.